Dogo ana ofa mbili, Dar hela ndefu na alipo ana namba ya kudumu. Mjomba mtu nimeachiwa niseme

Mjomba_wa_Nachingwea

Wakuu habari za jioni, na mlioko kwenye minada ya korosho poleni maana msimu huu tunaangalia bei kwenye simu kuliko tunavyoangalia mpira.

Niende kwenye mada. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka 21, beki wa kushoto. Amekulia hapa hapa Nachingwea anacheza pekupeku, kaja kuonekana kwenye mashindano ya mkoa, leo yuko timu ya ligi kuu (sio ya huku kusini, msianze kukisia, siitaji). Msimu uliopita kacheza karibu mechi zote na msimu huu ndio kabisa, kocha akipanga timu jina lake linaandikwa la pili baada ya kipa. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita mwakani.

Sasa hivi mezani kuna ofa mbili. Timu yake inataka aongeze miaka miwili, mshahara milioni 1 na laki 2 kwa mwezi na hela ya usajili milioni 10. Halafu kuna timu kubwa ya Dar, wao wanasema miaka mitatu, mshahara milioni 3 kwa mwezi, hela ya usajili milioni 40, na nyumba wanampangia wao.

Mkisikia hivo mtasema huyu mjomba anauliza nini tena si amwage wino. Ishu ni kwamba hiyo timu ya Dar ina beki wa kushoto wa timu ya taifa ambaye haumwi wala hachoki, na nyuma yake kuna mgeni waliyemleta juzi juzi. Dogo atakuwa wa tatu kwenye foleni. Na yeye kichwani kwake ana kitu kimoja tu, AFCON ya 2027 ambayo inachezwa hapa kwetu pamoja na Kenya na Uganda, anasema mjomba mimi nataka nivae ile jezi nyumbani, halafu nitoke nje nikacheze. Kila nikimpigia ndio hilo hilo.

Upande wa pili dada yangu nyumba yake bado ni ya makuti, masika ikianza anahamisha ndoo usiku. Ana wadogo zake dogo wawili wako sekondari. Yeye hasemi kitu moja kwa moja ila juzi kaniambia "kaka, mtoto akipewa riziki anakaa kuichagua?" Nikanyamaza.

Wa huku mnajua jinsi ilivyo, mambo ya mtoto wa dada yakifika pazito anaitwa mjomba. Baba yake yupo na tunaheshimiana lakini kaniambia "shemeji hilo lako". Na wakala anapiga simu kila siku anataka dogo asaini kabla wiki ijayo haijaisha, eti timu itachukua mtu mwingine.

Naomba ushauri wenye nyama. Habari za Simba na Yanga nani mkubwa pelekeni kwenye uzi wenu.

---

Chuma_Ulete_Masasi

Mkuu unatuchosha, hii nayo ni ya kuuliza?

Piga hesabu ya kawaida tu ya dukani. Dar miaka mitatu ni milioni 3 mara miezi 36 hiyo ni 108, jumlisha 40 inakuwa milioni 148. Huko aliko milioni 1.2 mara 24 ni 28.8 jumlisha 10 ni milioni 38.8. Tofauti ni zaidi ya milioni mia moja unaiacha kwa sababu ya "namba". Goti likienda kesho hiyo namba ataila?

Na hiyo habari ya kukaa benchi mnaitia chumvi. Mohamed Hussein Tshabalala alikwenda Simba 2014 akitokea Kagera Sugar, dogo wa mkoani hivi hivi, beki wa kushoto hivi hivi, akakaa pale mpaka akawa nahodha. Angewaza kama wewe angebaki Bukoba anakula senene.

Mwanaume anaenda kugombania namba. Mwambie dogo asaini, dada apigiwe bati, mengine Mungu anajua.

---

Pweza_wa_Msanga_Mkuu

Hahaa mjomba mwenyewe anataka asilimia yake ya milioni 40 hapo anazunguka tu

---

Mjomba_wa_Nachingwea

@Pweza_wa_Msanga_Mkuu mimi nina ekari zangu za mikorosho na ghala linanidai salfa, hela ya mtoto wa dada siigusi

---

Winga_Mstaafu

Mimi nimecheza, niko Mtwara mjini, enzi zile Ndanda iko ligi kuu kuanzia 2014 mpaka iliposhuka 2020 nilikuwa nasikiliza kelele za uwanja wa Nangwanda Sijaona nikiwa ndani ya uwanja sio jukwaani, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona mwenyewe.

Nilitoka timu ya mkoani nikaenda timu yenye hela. Siitaji na wala sio lazima iwe ya Dar. Siku ya kusaini nilipewa nusu ya hela ya usajili, nusu nyingine wakasema itakuja kwa awamu. Mshahara miezi ya mwanzo uliingia vizuri, baadae ukaanza kuchelewa, mwezi unaunga na mwezi, ukiuliza unaambiwa subiri mechi fulani ipite. Na ukiwa huchezi hata kuuliza unaona aibu, maana yule anayefunga magoli akiuliza wanamkimbilia, wewe wa benchi ukiuliza unaonekana mkorofi.

Mambo ya benchi sasa. Watu wanadhani ukikaa benchi unapumzika. Mazoezini unakimbia kama wenzako, ila mwili wa mechi ni mwili mwingine kabisa, unaisha taratibu wala husikii. Zile pumzi za dakika ya 80, kujua uingie lini na mpira uuache lini, vinakwenda. Kocha aliyekutaka anafukuzwa, anakuja mwingine hakujui hata jina, anakuita "wewe namba ngapi". Na dogo ana miaka 21, maana yake hata ligi ya vijana ya U20 hawezi kuchezea tena, sasa hizo mechi atazipata wapi? Za kirafiki na timu za mtaani siku ya Jumatatu.

Nilivyotoka pale hakuna aliyenitaka wa ligi kuu, kila ukienda unaulizwa msimu uliopita umecheza mechi ngapi, ukisema tatu wanaangalia pembeni. Nikashuka daraja la chini, goti likamalizia kazi.

Lakini Chuma_Ulete nae hajadanganya. Ile nusu niliyopewa ndio nilinunulia kiwanja Chikongola na nyumba ninayolala ndio hiyo. Kuna wenzangu walibaki kwenye timu za "namba ya kudumu" wamecheza miaka na miaka wakashangiliwa sana, leo tunakutana kwenye boda hawana hata kiwanja. Kwa hiyo mimi siwezi kukwambia hela ni mbaya, nitakuwa muongo. Ninachosema usiangalie wameandika ngapi, angalia ngapi inaingia, lini, na dogo akikosa namba anatokaje pale.

Na umuulize dogo mwenyewe ana roho gani. Kuna watu benchi linawatia hasira wanakuwa wakali, kuna watu linawaua. Mjomba unamjua kuliko sisi.

---

Karani_wa_Mikataba

Nimesoma mpaka hapa nimeona watu wanapigana na hela na namba wakati mkataba wenyewe hakuna aliyeuliza umeandikwaje. Kazi yangu ni ya makaratasi, niko Lindi, na nimewahi kuwasomea mikataba vijana kadhaa wa mpira.

Kwanza hesabu. @Chuma_Ulete_Masasi umelinganisha miaka mitatu na miaka miwili, hiyo hata karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) hawezi kukupitishia. Linganisha kwa mwaka. Na mshahara wa milioni 3 ni kabla ya makato au ni wa mkononi? Hilo swali peke yake lina laki tisa ndani yake. Kama ni kabla ya makato, NSSF ikikatwa asilimia 10 inaondoka laki 3, inayobaki milioni 2.7 inakatwa kodi ya mshahara, laki moja na elfu 28 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 kwa inayozidi, jumla laki sita na elfu 38. Mkononi inabaki milioni 2 na elfu 62. Ile ya milioni 1.2 kwa hesabu hiyo hiyo inabaki laki tisa na elfu 28. Bado Dar ni zaidi ya mara mbili, sikatai, ila ile "milioni 3" mliyoimba nyumbani kwa dada haipo. Na ofa nyingine za mpira zinasemwa za mkononi, klabu inabeba kodi yenyewe, kwa hiyo inawezekana mnalinganisha nazi na embe. Uliza, iandikwe. Hela ya usajili nayo uliza inakatwaje.

Pili, na hili limenishtua, huyo wakala anataka dogo asaini wiki ijayo kwa haki ipi? Tuko mwezi wa kumi na moja. Mkataba unaisha mwezi wa sita. Kanuni ya FIFA, ambayo vyama vya nchi vimelazimishwa kuifuata, inasema mchezaji yuko huru kusaini na timu nyingine kama mkataba wake umeisha au umebakiza ndani ya miezi sita. Dogo anafungukiwa Januari. Na klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba inatakiwa iijulishe kwa maandishi klabu yake kabla ya kuanza mazungumzo. Muulize wakala, hiyo barua ipo? Nitumie nione. Akianza kuhema hema ujue.

Kumbe upande wa faida ni huu, kuanzia Januari dogo anaruhusiwa kusaini, na mkataba ukiisha mwezi wa sita anaondoka bure. Timu ya Dar hailipi ada ya uhamisho hata shilingi. Beki wa ligi kuu wa miaka 21 anayeanza kila mechi kumchukua bila ada ni dili kwao, na ndio maana wanamkimbiza. Kwa hiyo mwenye haraka sio nyie.

Tatu, miaka mitatu. Kanuni za FIFA zinalinda mkataba kwa misimu mitatu ya mwanzo kwa mchezaji aliyesaini kabla hajafika miaka 28, yaani kwa dogo ni mkataba wote. Akiamua kuuvunja bila sababu ya msingi, adhabu inaanzia kifungo cha miezi minne na fidia juu. Mnakumbuka ya kiungo Feisal Salum (Fei). Desemba 2022 akataka kutoka Yanga, akaingiza kama milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akiamini ndio kavunja mkataba, kamati ya TFF (shirikisho la mpira la Tanzania) ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje miezi, Yanga wenzake wakaenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger 2023 yeye anaangalia, mpaka Rais alipowaomba Yanga walimalize ndio akauzwa Azam mwezi wa sita. Wengi wanaikumbuka kama kesi ya mshahara. Mimi naiona ni kesi ya mkataba wa muda mrefu ambao mlango wa kutokea haukuwa wazi. Fei alikuwa amekua kuliko karatasi aliyosaini.

Sasa dogo na malengo yake, mlango unaandikwa hivi. Akicheza chini ya idadi fulani ya dakika mpaka dirisha dogo (usajili wa katikati ya msimu), anapelekwa kwa mkopo timu ya ligi kuu na mshahara wake unabaki ule ule. Ikija ofa ya nje ya kiasi fulani kuanzia msimu wa pili, klabu haina ruhusa ya kukataa. Akiitwa timu ya taifa au akifikisha mechi kadhaa, mshahara unapanda wenyewe bila kuomba. Hela ya usajili, tarehe za awamu ziandikwe, na ikichelewa anapata haki gani. FIFA wanasema miezi miwili bila mshahara, unaiandikia klabu barua ya siku 15, wasipolipa una sababu halali ya kuondoka, ila mchezaji wa ndani na klabu ya ndani kesi inaanzia TFF kwa hiyo hakikisheni na mkataba wenu unasema hivo hivo kwa lugha mnayoielewa. Simon Msuva alikuwa na mgogoro na Wydad ya Morocco wa hela asizolipwa, akapeleka FIFA akashinda, lakini muda uliopita pale katikati hakuna anayekurudishia.

Niko tayari kuusoma. Ficha majina.

---

Mtoto_wa_Kikapu

Naomba nichangie japo mimi mambo yangu ni NBA, nikiwa Mtwara tunacheza wenyewe jioni watu wanatushangaa.

Kule kuna mambo ya watu kukubali mshahara mdogo makusudi. Dirk Nowitzki 2014 alikataa ofa za Lakers na Rockets za kama dola milioni 97 akabaki Dallas kwa milioni 25 miaka mitatu. Jalen Brunson wa Knicks 2024 akasaini milioni 156.5 wakati angesubiri mwaka mmoja tu angepata mkataba wa milioni 269. Kwenye besiboli Ohtani kapewa milioni 700 na Dodgers akasema milioni 680 mtanilipa baadae. Sasa watu huwa wanazichukua hizi stori wanakuja kuwaambia madogo wa huku "unaona, wakubwa wanaangalia mafanikio sio hela".

Hapana. Kule kuna kiwango cha juu cha jumla ya mishahara ya timu, NBA ukipitisha unabanwa, kwa hiyo Brunson akiacha hela ile hela inamnunua mchezaji mwingine wa kumsaidia kushinda. Anaiona ikirudi uwanjani. Ligi yetu haina kitu kama hicho. Dogo akikubali pungufu, ile tofauti haimleti kiungo wala straika, inabaki kwa tajiri. Halafu Brunson anaacha milioni mia wakati ana mia na hamsini mfukoni, huyu dogo anaambiwa aache bati la mama yake.

Ila na upande mwingine upo. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 mwaka 2009 na Memphis, hela ikaja, dakika hazikuja, mwaka uliofuata wakamshusha ligi ya chini kwenda kujifunza, na baada ya hapo ikawa Houston, Portland, Oklahoma. Hela ya uhakika haikumpa mechi.

Kwa hiyo kama dogo ataacha hata laki moja, asiiache bure. Aiuze. Aiambie klabu, laki mbili nakuachia, nirudishie kwa kipengele cha mkopo. Milioni kumi za usajili nakuachia, nirudishie kwa mkataba wa miaka miwili badala ya mitatu.

---

Karani_wa_Mikataba

@Mtoto_wa_Kikapu umenifupishia kazi, hiyo ya "aiuze" nakuibia.

Na niongeze, hata akibaki alipo iwe hivo hivo. Timu ndogo nazo zinajua kumtumia mtu jina la "hapa unacheza". Kubaki kwa milioni 1.2 bila kipengele cha kuondoka ikija ofa ya nje ni kifungo kile kile, sema chakula ni kidogo.

---

Chuma_Ulete_Masasi

Sawa mmesoma nyie. Lakini mnaongea kana kwamba klabu kubwa itakaa chini na dogo wa Nachingwea imuandikie vipengele kumi. Wanamwambia saini au toka. Wenye nafasi ya kuchagua ni wachache sana hii nchi.

---

Winga_Mstaafu

@Chuma_Ulete_Masasi hapo uko sahihi kwa asilimia kubwa, mimi enzi zangu nilipewa karatasi ya mwisho tu nikaonyeshwa pa kusaini. Lakini anayeruhusiwa kusaini bure Januari ana nguvu kuliko niliyokuwa nayo mimi. Vipengele kumi hawezi kupata, viwili anapata. Achague viwili.

Na kuhusu kutoka nje, angalieni waliotoka walipitia wapi. Samatta alionekana na TP Mazembe ya Kongo akiwa anacheza na Simba dhidi yao 2011, anacheza, hayuko benchi. Kule Lubumbashi hela ilikuwepo na namba ilikuwepo, akakaa mpaka akachukua ubingwa wa Afrika 2015, ndio Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, Aston Villa imekuja 2020. Ngazi kwa ngazi. Novatus Dismas alikuwa wa Azam lakini alipelekwa Biashara United ya Mara kwa mkopo akacheza, akaenda Israeli, Ubelgiji, kaja kugusa Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar. Huyo ndio mfano wa dogo kabisa, jina liko timu yenye hela, miguu iko timu yenye nafasi.

Halafu msidharau timu za mikoani, Namungo ya Ruangwa ilipanda 2019 na msimu wa 2020/21 ikawa makundi ya Shirikisho na Raja na Pyramids. Mawakala wa nje wanaangalia mechi, hawaangalii listi ya usajili.

---

Mama_Wawili_Mikindani

Kaka zangu naomba niingie kidogo, nimeona mama wa mtoto katajwa mara nyingi na hakuna aliyemuuliza.

Mjomba, dada yako anataka nini hasa? Anataka milioni 40 au anataka asiloe? Maana hivyo ni vitu viwili. Bati na ada za watoto wawili vinaweza kutoka hata kwenye ile milioni 10 ya huko huko aliko, kama itaingia yote kwa mkupuo na ikapitia mkononi kwako badala ya kwa wakala. Mkiliondoa hilo la nyumba mezani, mtoto ataamua mambo ya mpira kama mchezaji, kichwa kimetulia. Sasa hivi anaamua kila mvua ikinyesha.

Na mjue hela ikishajulikana ni milioni 40 basi ni ya ukoo mzima. Harusi, misiba, unyago wa watoto wa huyu na yule, kila mtu atakumbuka alimbeba mgongoni. Kwa milioni 10 watu hata hawasumbuki kuja. Nasema nikicheka lakini mnajua ni kweli.

Mdogo wangu wa kike anacheza mpira, hizi hesabu zenu za milioni 3 yeye anazisikia redioni. Kwao wanaotoka ndio wanaopata, kama Aisha Masaka alivyotoka Yanga Princess kwenda Häcken ya Sweden 2022 na baadae Brighton, ukibaki unacheza kwa posho. Kwa hiyo mimi ushauri wangu unaegemea kwenye kutoka nje, chochote kinachomsogeza huko kichukueni, na kinachomfungia mlango kiacheni hata kama kina nyumba ya kupangiwa.

---

Pweza_wa_Msanga_Mkuu

mama umeua 😂 milioni 10 watu hawaji, 40 wanakuja na mabegi

---

Mjomba_wa_Nachingwea

Wakuu asanteni sana, nimechelewa kurudi maana leo tulikuwa ghalani toka asubuhi.

Nimeongea na dada. Nilimuuliza kama alivosema Mama_Wawili, unataka nini hasa. Kakaa kimya kidogo akasema bati, ada ya hawa wawili mpaka wamalize, na mtoto asirudi nyumbani na mguu mbovu hana kitu. Hilo la tatu sikulitegemea. Milioni 40 hakuitaja.

Dogo nimempigia usiku akiwa kambini. Nikamuuliza ile ya Winga, benchi linakutia hasira au linakuua. Kasema mjomba mimi nisipocheza wiki mbili nalala vibaya. Nikamwambia vipengele viwili tu, chagua. Kachagua mkopo akikosa dakika, na mlango wa nje ukifunguka asizuiwe. Mshahara kasema hata ikishuka mpaka milioni 2 na nusu poa. Nikamwambia mpumbavu wewe, usiseme hiyo namba kwa mtu yeyote mwingine.

Timu yake aliyonayo nitawapelekea karatasi ile ile ya vipengele nione nao wanasemaje, wakikubali mlango wa nje na kupandisha kidogo, mimi moyo wangu uko huko. Dar wakikubali mkopo kwa maandishi, miaka miwili badala ya mitatu, basi aende akagombane na huyo wa timu ya taifa, AFCON iko mbali kidogo bado.

@Karani_wa_Mikataba nimekutumia inbox rasimu ya Dar, majina nimefuta kwa kalamu. Na lile swali la barua kwa klabu nimemtumia wakala toka jana saa mbili usiku. Tiki mbili za bluu zipo. Simu hapokei.

---

Karani_wa_Mikataba

Nimeipata. Ukurasa wa nne haupo, umeruka kutoka wa tatu kwenda wa tano, na wa tano unaanza katikati ya sentensi inayosema "...bila klabu kuwajibika". Umesahau kuupiga picha au ndivyo alivyokuletea?

---

Mjomba_wa_Nachingwea

Ndivyo alivyoleta.